Droni na makombora ya kulenga: maswali ninayoulizwa kibandani, Lamu

Kibanda changu kiko Langoni, hatua chache kutoka ukingo wa bahari. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya mashua: GPS, redio, vipima kina, na mara nyingine simu iliyoanguka majini. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022, na zaidi tangu meli zilipoanza kupigwa Bahari ya Shamu, wateja huja na kifaa mkononi na swali mdomoni. Wengine wana watoto melini. Wengine wameona video usiku na usingizi ukawapaa. Nimeandika hapa maswali yanayorudi sana pamoja na majibu yangu, baada ya kuyapima upya.

Droni ni nini, na inatofautianaje na roketi au kombora?

Roketi husukumwa na moto wa fueli yake yenyewe. Isipokuwa na kitu cha kuiongoza, hufuata njia iliyotupiwa, kama jiwe la teo. Ikitiwa ubongo na mapezi ya kugeuzia mwendo, kwa kawaida tunaiita kombora. Droni ni ndege isiyo na rubani ndani yake. Inaweza kuwa na mabawa ya mita 12 na kukaa angani zaidi ya saa 24, kama Bayraktar TB2 ya Uturuki, au ikawa na rafadha nne na kuenea ndani ya kikapu cha sokoni.

Zipo zinazokwenda na kurudi. Nyingine zinakwenda zisirudi, maana zenyewe ndizo bomu. Hizi ndizo zilizochanganya majina. Shahed-136 ya Iran ina rafadha na injini ndogo ya petroli, inakwenda polepole kuliko ndege yoyote ya kivita, lakini inafika mamia ya kilomita na kujibwaga juu ya shabaha na baruti ya kilo 40 au zaidi. Watu wa Ukraine wanaifananisha na pikipiki kwa mlio wake. Nimewahi kuwachezea vijana sauti hiyo kwenye simu bila picha, wakasema ni bodaboda inapanda mlima.

Kwani silaha za zamani hazikuwa na shabaha?

Zilikuwa na shabaha ya kubahatisha. Mfano ninaoupenda ni wa daraja la Thanh Hoa, Vietnam Kaskazini. Ndege za Marekani zilianza kulishambulia Aprili 1965. Zilirudi mara mamia, marubani wakatunguliwa, mabomu yakachimba mashimo kila mahali, daraja likabaki limesimama na malori yakaendelea kupita. Mwaka 1972, Aprili na Mei, zikaja na mabomu yanayofuata mwali wa leza. Daraja likaanguka. Chuma kilikuwa kilekile na mto uleule.

Hata hivyo mabadiliko yalikwenda taratibu kuliko televisheni ilivyotuonyesha. Wazee wanakumbuka vita vya Ghuba vya 1991, bomu likiingia katikati ya dirisha. Wengi waliamini vita vyote vilikuwa hivyo. Kwa kweli mabomu ya kuongozwa hayakufika hata moja katika kila kumi yaliyoangushwa.

Leo lori moja la kurushia roketi la Marekani, liitwalo HIMARS, hubeba roketi sita za kuongozwa. Kila roketi hufika zaidi ya kilomita 70 ikiwa na kichwa cha kilo 90 hivi, na huanguka mita chache tu kutoka nukta iliyopewa. Kutoka hapa Amu, yaani mji wa Lamu, hadi Witu, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 50. Fikiria mtu aliyeko mbali kuliko Witu akichagua nyumba moja mtaani kwetu na kuiacha ya jirani. Malori hayo yalifika Ukraine Juni 2022. Julai yakaanza kulipiga daraja la Antonivskyi linalovuka mto Dnipro kuingia Kherson, na maghala ya risasi yakawaka moja baada ya jingine. Jeshi la Urusi halikufukuzwa Kherson kwa roketi pekee, lakini liliponyimwa daraja na maghala, kulisha askari ng'ambo ya mto kukawa mzigo usiobebeka. Novemba likaondoka.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni kuwa roketi ile haijui kitu. Hupewa nambari za mahali, ikaenda pale. Ghala lilionwa na mtu, droni au setilaiti kabla roketi haijawashwa. Kila unaposoma habari ya shambulio, uliza kwanza ni nani aliyeona na aliona nini.

Mgeni kutoka Malindi aliuliza: zile roketi za Ngomeni nazo zilikuwa za vita?

Hapana. Kituo cha Waitaliano kwenye ghuba ya Ungwana, kwa sasa kikiitwa kwa jina la Profesa Luigi Broglio, kilirusha setilaiti mara tisa kati ya 1967 na 1988, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miali ya eksrei kutoka kwenye nyota.

Lakini swali ni la haki, kwa sababu ukoo ni mmoja. Roketi ya Kijerumani V-2, iliyoanza kupiga Paris na London Septemba 1944, ndiyo iliyowafundisha watu kufika anga za juu. Ilikuwa ikikosea kwa kilomita kadhaa, kwa hiyo ilifaa kulenga mji mzima tu. Watu wa Ngomeni na Malindi wana haki ya kujivunia kwamba kwao moto uleule ulitumika kuhesabu nyota.

Kwa nini kila mtu anazungumza juu ya bei?

Kwa sababu hapo ndipo mambo yalipogeuka. Shahed moja hukadiriwa kugharimu kati ya dola 20,000 na 50,000. Kombora la Patriot la kuitungua hukaribia dola milioni 4, yaani zaidi ya shilingi nusu bilioni za Kenya. Mshambuliaji akituma mia, anayejilinda anafilisika hata kama ametungua zote. Usiku wa kuamkia 14 Aprili 2024 Iran ilirusha droni na makombora zaidi ya 300 kuelekea Israeli. Karibu yote yalizuiwa, kwa msaada wa majeshi ya nchi kadhaa, na gharama ya usiku huo mmoja ilikuwa kubwa mno upande wa waliojilinda.

Chini ya hapo kuna droni ndogo ambazo mrushaji huvaa miwani na kuona kile inachokiona, kama yumo ndani yake. Hizi hupatikana kwa dola 400 au 500. Kwa shilingi zetu ni chini ya bei ya injini mpya ya boti ya farasi 15. Inabeba kichwa cha bazuka na inaweza kuharibu kifaru cha mamilioni ya dola. Ukraine peke yake ilitengeneza zaidi ya milioni moja katika mwaka 2024.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kundi dogo ambalo zamani lisingeota kuwa na jeshi la anga, leo droni kumi ni jeshi lake la anga. Tarehe 14 Septemba 2019 mitambo ya mafuta ya Abqaiq, Saudi Arabia, ilipigwa kwa droni na makombora, na kwa siku kadhaa mapipa milioni 5.7 kwa siku yakakosekana sokoni, karibu asilimia 5 ya mafuta ya dunia. Na Saudi Arabia ni nchi iliyonunua ulinzi wa anga wa bei ghali kuliko karibu nchi zote.

Mwanangu ni baharia. Bahari ya Shamu kuna nini hasa?

Swali hili huulizwa na mama mmoja kila mara anapokuja kutia pesa kwenye simu, na kila mara najibu polepole.

Wahuthi wa Yemen walianza kushambulia meli za biashara Novemba 2023, wakisema wanafanya hivyo kwa ajili ya Gaza. Wametumia droni za angani, makombora, na boti zisizo na nahodha zilizojazwa baruti. Meli Rubymar, iliyobeba mbolea, ilipigwa 18 Februari 2024 ikazama 2 Machi. Siku nne baadaye True Confidence ilipigwa kwenye Ghuba ya Aden na mabaharia watatu wakafa, wawili Wafilipino na mmoja wa Vietnam. Juni mwaka huo boti isiyo na mtu iliigonga meli Tutor upande wa nyuma, kwenye chumba cha mitambo, nayo meli ikazama.

Wanaokufa ni watu wa mishahara midogo wanaotuma hela nyumbani, kama vijana wetu. Silaha ililenga vizuri, ila waliokuwa nyuma ya bati hawakuwa na ugomvi na mtu.

Na madhara yalifika hadi kwetu. Rubymar ilipokuwa ikielea bila watu, mikonga ya mawasiliano chini ya bahari ilikatika, na nanga yake iliyokuwa ikikokotwa ndiyo iliyoshukiwa. Kipande kimojawapo ni kile kinachotoka Mombasa kwenda Misri. Meli nyingi nazo ziliacha mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka siku 10 hadi 14. Mama, mwanao akipewa mkataba, ana haki ya kuuliza njia ya meli kabla hajatia saini. Na akitakiwa kupita eneo lililotangazwa kuwa la vita, aulize kuhusu haki ya kukataa na nyongeza ya malipo. Kampuni za haki hujibu.

GPS ya mashua yangu na GPS ya kombora ni kitu kimoja?

Setilaiti ni zilezile, ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu. Jeshi la Marekani lina mawimbi yake ya siri yaliyo magumu zaidi kuvurugwa, sisi tunatumia ya wazi.

Hili ni fungu langu, nivumilieni nikilitanua. Sauti ya setilaiti inapofika kwenye antena yako imeshafifia mno. Mtu mwenye mtambo hafifu tu aliye karibu anaweza kuimeza, kama ngoma ya jirani inavyoimeza redio yako. Hiyo ndiyo kuvuruga mawimbi. Kuna kubaya zaidi: kukutumia mawimbi ya uongo yanayofanana na ya kweli, chombo chako kikaamini kiko mahali pengine. Skrini haionyeshi kosa lolote. Inakuonyesha uko salama huku mwamba uko mbele.

Mei 2025 meli kubwa ya makontena, MSC Antonia, ilipanda mwamba karibu na Jeddah, na wachambuzi wa safari za meli wakahusisha ajali hiyo na GPS iliyovurugwa. Huko Ukraine jambo hili limepunguza makali ya silaha ghali. Makombora ya mizinga ya Excalibur ya Marekani, yanayoongozwa kwa GPS, yalianza kwa sifa, kisha Warusi wakajua mawimbi yake, na mengi yakaanza kupotea njia. Ndiyo maana silaha mpya haziitegemei GPS peke yake. Nyingine hulinganisha picha ya ardhi na ramani iliyomo ndani, nyingine hupima mwendo wake zenyewe bila kumsikiliza mtu wa nje.

Kwa nahodha wa hapa neno langu ni lile la kila siku: weka dira, jua nyota zako, kumbuka kilindi na alama za pwani. Wazee waliofika Basra na Bombay kwa kaskazi na kusi hawakuwa na kitu cha kuvurugiwa.

Askari wanajikinga vipi? Nimesikia wanatumia nyavu.

Umesikia sawa, na kwangu hii ndiyo habari iliyonigusa kuliko zote. Barabara za Kherson na Donetsk, Ukraine, zimefunikwa kwa nyavu zilizotundikwa juu ya nguzo, kilomita baada ya kilomita, gari linapita chini yake kama samaki ndani ya dema. Sehemu ya nyavu hizo ni kuukuu za wavuvi wa Brittany, Ufaransa, na wa Denmark na Sweden, walizotoa badala ya kuzitupa. Rafadha ya droni ikigusa wavu hujiviringisha na kukwama, kama ya boti inavyokamatwa na jarife. Hakuna mhandisi aliyehitajika kubuni kinga hiyo. Fundi wa nyavu wa Kizingitini angeielewa kwa kuitazama mara moja.

Kwa nini wavu, katika zama za rada? Kwa sababu mbinu ya kuvuruga mawimbi ilipata jibu lake. Warusi, na baadaye pande zote mbili, walianza kurusha droni zinazovuta uzi wa mkonga nyuma yake, mwembamba kama mshipi wa kuvulia, wenye urefu wa kilomita 10 hadi 20. Amri na picha hupita ndani ya uzi. Hakuna mawimbi ya redio, kwa hiyo hakuna cha kuvuruga. Mashamba ya huko sasa yametandwa nyuzi zinazong'aa asubuhi kama utando wa buibui.

Kinga nyingine zipo: bunduki za risasi za mtawanyiko, vizimba vya chuma juu ya vifaru, droni ndogo za kuwinda droni kubwa, na magari ya bunduki yanayosubiri Shahed usiku kwa tochi kubwa na masikio. Hakuna inayodumu. Kila baada ya miezi michache upande mmoja hugundua kitu, upande wa pili unakijibu.

Kwa hiyo vifaru na manowari vimekwisha?

Bado. Lakini vimelazimika kujificha. Moskva, manowari kuu ya Urusi katika Bahari Nyeusi, ilizama 14 Aprili 2022 baada ya kupigwa na makombora mawili ya Neptune yaliyotengenezwa Ukraine. Mwaka 2024 boti zisizo na nahodha ziliizamisha Ivanovets, kisha Tsezar Kunikov, kisha Sergei Kotov. Nchi isiyokuwa na jeshi la majini la kutajwa ikawafanya Warusi wahamishe meli zao kutoka Sevastopol hadi Novorossiysk.

Na umbali haukulindi tena. Tarehe 1 Juni 2025 Ukraine ilitoa droni 117 kutoka kwenye vibanda vya mbao vilivyopakiwa juu ya malori ndani ya Urusi yenyewe, zikapiga viwanja vinne vya ndege za kivita. Kimoja kiko Irkutsk, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraine. Madereva hawakujua walichobeba.

Kama silaha hizi zinalenga vizuri hivyo, kwa nini raia wanakufa?

Usiku wa 3 Desemba 2023, katika kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, Nigeria, watu walikusanyika kwa Maulidi. Droni ya jeshi la nchi yao iliwapiga. Shirika la dharura la Nigeria lilitangaza kuwa miili 85 ilikuwa imezikwa, wengi wanawake, watoto na wazee. Jeshi likakiri: lilidhani ni mkusanyiko wa majambazi.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi. Amu ni mji wa Maulidi. Sote tunajua jinsi usiku wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha unavyoonekana: watu wanatoka Pate, Siyu, Matondoni, wanakuja kwa makundi gizani, wanakaa wamebanana uwanjani hadi alfajiri. Sasa utazame usiku huo kutoka kilomita kadhaa juu, kupitia kamera inayoona joto. Utaona madoa meupe mengi yamekusanyika mahali pamoja usiku. Kamera haioni kanzu, haisikii kaswida, haijui kuwa yule aliyeinama anapiga twari. Silaha iliyopiga Tudun Biri haikukosea shabaha. Ilikwenda palepale ilipoambiwa. Kosa lilikuwa kwa mtu aliyetafsiri madoa.

Kabul, 29 Agosti 2021, ni habari ileile. Wamarekani walifuatilia gari moja kwa saa nyingi, wakaona mitungi ikipakiwa, wakaamini ni baruti. Yalikuwa maji. Watu 10 walikufa, saba wakiwa watoto. Siku zaidi ya kumi na tano zilipita kabla jeshi halijakiri kosa. Hapo kamera ilikuwa bora kuliko zote duniani.

Na kuna kundi la pili la vifo, ambalo si kosa. Huko Kherson tume ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2025 jinsi droni ndogo za Kirusi zilivyowafuata raia barabarani, mtu mmoja mmoja, mrushaji akiwaona waziwazi. Tume iliita vitendo hivyo jinai dhidi ya ubinadamu. Mrushaji anayeona uso hawezi kusema hakujua.

Sheria ipo. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inataka askari atenganishwe na raia, na inasema kukiwa na shaka mtu ahesabiwe raia. Kwa maoni yangu neno shaka ndilo linalopaswa kuandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kila anayekaa kwenye skrini. Umbali umemwondolea hatari, na aliyeondolewa hatari ana nafasi ya kusubiri kuliko askari yeyote wa zamani.

Afrika tuko wapi katika haya?

Tumo ndani kabisa. Uturuki, China, Iran na Falme za Kiarabu zimetajwa tena na tena katika habari za droni barani. Ethiopia ilizitumia katika vita vya Tigray, na tarehe 7 Januari 2022 zaidi ya watu 50 waliuawa katika kambi ya waliohama makwao huko Dedebit. Mali na Burkina Faso zina Bayraktar.

Sudan ndiyo inayoniumiza zaidi, maana ni bahari yetu hiyohiyo ukipanda kaskazini. Vita vilivyoanza 15 Aprili 2023 vilianza kwa bunduki juu ya magari ya wazi, mizinga na ndege za jeshi. Sasa pande zote mbili, jeshi la nchi na wapiganaji wa RSF, zina droni. Mei 2025 Bandari ya Sudan, iliyokuwa kimbilio la waliotoroka Khartoum, ilishambuliwa siku mfululizo, matangi ya mafuta yakawaka. Kule El Fasher, mji wa Darfur, Januari mwaka huo, hospitali ya uzazi inayoitwa ya Saudia ilipigwa kwa droni, wakafa watu 70. Septemba watu zaidi ya 70 wakauawa msikitini katika sala ya alfajiri. Nchi inaangamizwa na mashine zilizoletwa na wengine, na walioleta wanalala salama.

Zinaamua zenyewe nani afe?

Nyingine zinaanza kukaribia hapo. Droni nyingi sasa, mawimbi yakikatika mwishoni, humalizia safari zenyewe kwa kufuata picha ya shabaha iliyochaguliwa na mtu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2021 kuhusu droni ya Kituruki Kargu-2 iliyotumika Libya, ambayo ingeweza kushambulia bila mawasiliano na mrushaji. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kushughulikia silaha za aina hii. Mkataba wa kuzifunga bado haujaandikwa. Ungekuwa mkononi mwangu, ningeuandika kesho.

Ile milio ya usiku upande wa Manda ni droni?

Kiwanja cha Manda Bay kimetumiwa na majeshi ya Kenya na Marekani kwa miaka, na ndege za aina nyingi hupita. Mlio peke yake hautoshi kutambua. Ninachowakumbusha wanaouliza ni asubuhi ya 5 Januari 2020. Al-Shabaab walipokivamia kiwanja hicho hawakuja na droni. Walikuja kwa miguu, kupitia vichaka, na bunduki na bazuka. Wamarekani watatu waliuawa na ndege kadhaa zikateketea ardhini, zikiwemo za kufanyia upelelezi wa angani. Macho ya angani hayakuwaona watu waliokuwa kichakani.

Nimekuta kipande cha chuma ufukweni kinachofanana na bawa. Nikuletee?

Usiniletee! Usikiguse, usikiburute, usikipige nyundo kuona kama ni shaba. Kumbuka kilipo, waondoe watoto, uite polisi au walinzi wa pwani. Mara nyingi huwa takataka tu ya baharini. Mara nyingine ni kitu cha ajabu kisicho cha vita: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni sehemu ya roketi ya kurushia setilaiti. Lakini baruti haisomeki kwa macho.

Naweza kurusha droni yangu ya kamera harusini Shela?

Baada ya kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2020. Na kaunti yetu ina kambi za jeshi na mpaka, kwa hiyo waarifu polisi pia. Usiirushe bila kibali ukitegemea ni ndogo.

Binti yangu ameona tangazo la kazi na masomo Urusi. Tiketi bure, mshahara mzuri. Lina uhusiano na haya?

Linaweza kuwa nao, na naomba usome hili mara mbili. Droni za Shahed zinatengenezwa kwa jina la Geran katika eneo la viwanda la Alabuga, karibu na mji wa Yelabuga, jamhuri ya Tatarstan. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wasichana wa kati ya miaka 18 na 22 kutoka nchi za Afrika, Kenya ikiwemo, walivutwa kwa matangazo ya mitandaoni kupitia mpango uitwao Alabuga Start. Waliahidiwa kazi za upishi, hoteli na huduma. Wengi wakajikuta wakiunganisha droni, wakishika kemikali zilizowachoma ngozi, wakifuatwafuatwa na kamera. Na mahali penyewe hulengwa: Aprili 2024 droni za Ukraine zilipiga bweni huko, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mpakani, na watu wakajeruhiwa.

Si kila nafasi ya Urusi ni mtego. Lakini mwulize binti jina kamili la kampuni na la mji, lugha ya mkataba, nani atakayeshika pasipoti yake, na atavunjaje mkataba akitaka kurudi. Tangazo linalotaka wasichana wa umri huo peke yao, lisilotaja kazi yenyewe, lisijibiwe. Ukiona jina Alabuga au Yelabuga popote kwenye karatasi, njoo nayo kibandani kabla hajatia saini. Nipo kila siku baada ya sala ya asiri, isipokuwa Ijumaa.